MREJESHO: Rangi iliyokuwa inabanduka kwenye vitambaa

Wakuu, mwezi uliopita niliwauliza kwa nini picha ninazochora kwenye vitambaa zinabanduka nikifua mara moja tu. Mimi sikusomea uchoraji, najifunza kwa kuharibu.

Mchawi alikuwa wanga! Marekani (kile kitambaa cha pamba) mpya ya dukani inakuja na wanga, nami nilikuwa naichora hivyohivyo. Safari hii niliiloweka usiku kucha, nikaifua kwa sabuni na kuianika mpaka ikakauka kabisa. Nikapaka rangi ya akriliki nyepesi, nikaiacha siku nzima, kisha nikageuza kitambaa na kukipiga pasi upande wa nyuma. Pasi yenyewe ya mkaa, kwa hiyo kona moja imekuwa kahawia. Basi tena.

Juzi nimekifua mara ya tatu. Mtumbwi niliouchora upo, taa za wavuvi wa dagaa zipo. Njano tu ndiyo imepauka kidogo.

Kanvasi (turubai la kuchorea) ndiyo imenitesa. Nilichanganya rangi nyeupe ya ukutani na gundi ya mbao, nikapaka kama msingi, nikachora Liemba, ile meli ya Ziwa Tanganyika, ikiwa bandarini. Ilipendeza mno. Kosa langu nikaikunja kuipeleka Kasulu. Ilipofunguliwa, bomba la moshi lilikuwa na nyufa kama ardhi ya kiangazi. Nadhani gundi ilizidi. Inayofuata itasafiri ikiwa imewambwa kwenye fremu.

Kuhusu wateja, mama mmoja wa Kibirizi, Kigoma, ameagiza vitambaa viwili vya meza. Meli hataki, anataka samaki, migebuka. Asanteni sana.