MREJESHO: Ashwagandha na dawa za tezi ya shingo

Wadau, niliuliza kama mama anaweza kutumia unga wa mzizi wa ashwagandha (mmea wa tiba za asili za India), maana usingizi ulimkimbia, na kila asubuhi anameza levothyroxine, kidonge cha homoni ya tezi ya shingo. Asanteni sana mliosisitiza aonane na daktari kwanza.

Daktari alikataa katakata. Mzizi huu unaweza kupandisha homoni za tezi; ukijumlisha na kidonge, moyo unaweza kwenda mbio. Wajawazito nao wasiuguse, na wapo watu walioumia ini. Neno "organiki" kwenye pakiti linahusu shamba tu, tafadhali msilichukulie kama cheti cha usalama. Denmark waliupiga marufuku mwaka 2023.

Mama alipopimwa damu ikaonekana dozi yake ya kidonge ndiyo imezidi, na hiyo peke yake hufukuza usingizi. Imepunguzwa. Sasa analala, alhamdulillah.

Pakiti nimebaki nayo mimi, sina ugonjwa wala dawa ninayotumia. Mzizi umelimwa Madhya Pradesh, India, kwenye mashamba makubwa ya zao hili. Kwenye maji unga unatuama chini kama mchanga na uchungu unaganda kooni. Wahindi huuchemsha na maziwa na samli kidogo. Hivyo unanyweka vizuri. Nakunywa kijiko kidogo cha chai usiku, na nalala mapema kuliko zamani. Tumbo likichafuka naacha.

Mama atarudia kipimo baada ya wiki 6 hadi 8. Majibu nitayaleta.