Dawa za mashambani na nyuki wetu: tupeane uzoefu

Wakuu, salaam. Nafuga nyuki Singida, jirani na mashamba ya alizeti. Msimu huu maua yalipochanua, mizinga kadhaa iliishiwa nguvu bila nyuki kuhama. Malkia yupo, majana (watoto wa nyuki) yapo, asali ipo, ila nyuki vibarua wanaotoka hawarudi, na mizoga mlangoni ni michache mno. Nashuku dawa. Mwaka 2012 watafiti wa Ufaransa waliwabandika nyuki vitambulisho vidogo vya redio, wakawapa thiamethoksamu, dawa ya kuua wadudu, kidogo tu, kiasi kisichoua. Waliopotea njia walikuwa wengi kuliko wale ambao hawakupewa. Mwenye yaliyomkuta aeleze: dawa ilipigwa saa ngapi, nyuki walifanyaje?

MrinaSimiyu: Pole mkuu. Kwangu ni pamba, na nyuki walifia pale pale. Jirani alipiga saa tatu asubuhi, maua yamefunguka. Mchana nikakuta chini ya mizinga wamejaa, wanatetemeka, wanazunguka, ndimi zimetoka nje. Waliorudi na dawa mwilini walizuiwa mlangoni na wenzao. Wiki nzima mizinga ilikuwa mikali, hata mbuzi tuliwahamisha. Iliniuma sana.

MamaTikiti: Mimi ni mkulima, na nyuki nawahitaji. Ua la tikiti hufunguka asubuhi na kufunga siku hiyo hiyo. Nyuki wasipolitembelea vya kutosha, tunda halishiki au linapinda. Kwa hiyo kwangu bomba halibebwi mgongoni kabla jua halijazama. Lakini jioni haitoshi kwa dawa za kupaka mbegu au kumwagia shinani. Hizo hupanda ndani ya mmea hadi kwenye mbochi (maji matamu ya ua) na chavua. Ndiyo maana Umoja wa Ulaya mwaka 2018 ulizuia imidaklopridi, klothianidini na hiyo thiamethoksamu nje ya vitalu nyumba. Mkuu, waulize majirani mbegu yao ilipakwa nini.

Asali_Kwanza: Sisi tumekubaliana kupigiana simu siku moja kabla. Usiku nyuki wakisharudi naziba mlango kwa wavu, naweka kivuli, nafungua kesho yake jioni. Msizibe kwa tambara, joto litawaua.

Asanteni. Dada MamaTikiti, kesho nawafuata majirani niulize hiyo mbegu. Asali_Kwanza, mizinga yangu mingi ni ya magogo, ina nyufa kila upande. Hiyo unaiziba vipi?