Muuzaji anajipandishia bei yeye mwenyewe, ao mi njo nawaza mabaya bure?

mwana_katuba (Lubumbashi)

Bandugu jambo yenu. Nauliza bale banazoea kununua bintu ya zamani mu minada ya intaneti. Mi nakusanyaka noti na sarafu za Katanga ya Tshombe, ile wakati alijitenga na Kongo, 1960 mpaka 1963, juu babu alitumika Union Minière, kampuni ya shaba, na alikuwa anatuambiaka kama ile miaka mushahara ulikuwa unakuya na noti zenye sura ya Tshombe, na nyumbani hakukubakia hata moja.

Juma iliyopita nikaona ya franka 100, Tshombe yuko pale anaangalia, karatasi safi, imekunjwa mara moja tu katikati, na pembe ya chini iko na doa kidogo kama ya chai. Ilianzia dola 20. Nikaweka mwisho yangu 85. Munajua vile inatumikaka, ile 85 haionekane kwa batu, programu inakupandishia kidogo kidogo tu, kadiri ya kumupita mwenzako. Siku ine bei ikabakia 31. Siku ya tano mutu mwenye jina ya kufichwa, herufi moja, nyota tatu, herufi moja, akatupa dau kubwa, bei ikaruka mpaka 86 na mi nikawa wa pili. Nikasema basi, imeenda. Hata dakika kumi haikuisha, akaondoa dau yake, ati alikosea kuandika hesabu. Bei ikarudia 31, na mi nikafurahi kama mujinga.

Siku ya mwisho magaribi kukaingia mwingine, konte mupya, hana hata alama moja ya kusema aliisha kununua kitu. Akaweka 84. Si 80, si 90, 84 kabisa. Nikashinda na 85, yaani makuta yangu yote mpaka ya mwisho.

Sasa huyu ni mutu moja mwenye konte mbili? Nilipe ao niache? Dola 85 pa kwetu si makuta ya kuchezea, na bado shemeji wangu wa Ubelgiji njo ataipokea aniletee akikuya.

fundi_saa (Bukavu)

Pole ndugu, lakini twende polepole kidogo. Kukosea hesabu inatokea. Mimi mwenyewe niliwahi kuandika 450 nikitaka 45, simu ndogo kidole kikubwa, niliondoa dau mbio jasho inanitoka. Na wale wa herufi na nyota, siti za minada ya intaneti zinaficha majina ya kila mtu, si ya wezi peke yao. Kuna pia wageni wa minada ambao wanadonoa donoa, anaongeza dola mbili, anaona bado hajashinda, anaongeza tena mbili, mpaka anachoka dola moja chini yako. Ukiangalia kwa mbali unaweza kuapa ni mchezo, kumbe ni mtu tu hajui bei.

Ila ile 84 ya mara moja, mtu ambaye hakudonoa hata kidogo, hiyo imenisumbua hata mimi. Umeangalia historia ya madau?

mzee_wa_tembre (Lubumbashi, Kamalondo)

Fundi saa iko na roho nzuri, Mungu amubariki. Mi nakusanya tembre za barua tangu wakati ya Zaïre na naweza kukuelezea huyu mutu alifanya nini, hatua kwa hatua.

Muuzaji mwenye kujipandishia bei iko na woga moja tu: kushinda. Akishinda kitu yake mwenyewe, noti inabakia kwake na mwenye kununua wa kweli ameenda. Sasa atajua namna gani mwisho yako ni wapi? Anatupa dau ya uongo, kubwa sana, tuseme 300. Programu inamupandisha mpaka hatua moja juu yako, yaani 86, na hapo hapo amesoma siri yako. Kisha anaondoa dau, ati nilikosea. Halafu na konte ingine anakuya kukaa dola moja chini yako. Yule wa kwanza hakukuwa ananunua, alikuwa anapima kimo ya mufuko yako.

Uangalie na siku. Kwa siti ya eBay kwa mfano, ikibakia chini ya masaa 12 mnada uishe, unaweza kuondoa dau mu saa moja tu tangu uliiweka, ikipita hapo imefungwa. Njo maana kazi ya kupima banaifanyaka mapema, kama vile siku yako ya tano. Na sheria yao inakataza jamaa, rafiki, mutumishi, hata mutu munalala naye nyumba moja, kuingia kupandisha bei ya kitu yako. Imeandikwa wazi, lakini nani atapita nyumba kwa nyumba kuangalia nani analala na nani?

Kwa hiyo ufungue historia ya madau, ufinye kwa jina ya kila moja. Pale banaonyeshaka mambo ya siku 30: ameweka madau ngapi, ngapi kwa huyu muuzaji mumoja, na ameondoa ngapi. Mukusanyaji wa kweli anatembea kwa bauzaji wengi, leo huku kesho kule. Ukiona mutu karibu madau yake yote iko kwa muuzaji mumoja, na hashindake hata siku moja, umeisha kujua.

Na musiwaze ni mambo ya badogo tu. Karibu na Chicago, Amerika, kulikuwa nyumba kubwa ya minada ya karata za baseball, zile zenye picha za bachezaji, mukubwa wayo Bill Mastro. 2013 alikubali mbele ya tribinali kama balikuwa banapandisha bei na madau ya uongo, na 2015 bakamukatia miezi 20 ya gereza. Ni yeye pia alikubali kama aliikata pembeni ile karata ya Honus Wagner, muchezaji wa zamani, ili ionekane safi, ile iliuzwa dola milioni 2.8 mu 2007. Sasa kama kwa karata ya milioni banafanya, kwa Tshombe wako wa dola 85 baogope nini?

mwana_katuba

Nimetoka kuangalia. Yule wa 84 hana kitu, konte yake ya juma moja. Lakini yule wa kwanza, aliyeondoa: kwa siku 30 ameweka madau 22, na asilimia 95 ni kwa huyu huyu muuzaji. Ameondoa mara sita.

Na kuna ingine. Nimeshuka mu bintu aliyouza mbele, nikakuta franka 100, imeandikwa imeuzwa mwezi wa pili, dola 110. Nikakuza picha. Kukunjwa katikati, doa ya chai pembe ya chini, na namba yake ni ile ile ya hii yangu kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Noti iliyouzwa mwezi wa pili inafanya nini tena kwake?

fundi_saa

Asilimia 95 😳 Haya, narudisha maneno yangu yote. Angeweza kusema mnunuzi hakulipa, inatokea, lakini ukijumlisha na hayo mengine hapana.

mama_sarafu (Goma)

Huyo wa mwezi wa pili ni yeye mwenyewe, alipanda sana akajishinda. Mimi walinifanyia hivyo kwa sarafu ya shaba ya Katanga ya 1961, franka 5, ile yenye msalaba wa Katanga upande mmoja na ndizi upande mwingine. Nikashindwa kwa dola mbili. Kesho yake muuzaji akaniandikia kwa upole, ati mama yangu mwenye kushinda hana pesa, nakuachia kwa bei yako ya mwisho. Bei yangu ya mwisho ambayo rafiki yake njo aliipandisha! Nikamwambia nitakupa ile bei niliyokuwa nayo mbele huyo mtu asiye na pesa aingie. Hakujibu mpaka leo.

Tangu hapo mwisho yangu siionyeshi mapema. Naweka dau mara moja, sekunde za mwisho, ndani yake bei ambayo nikilipa sitalia. Hawezi kupima kitu ambacho hakijaingia. Shida ni huku kwetu, kurani ya umeme inakatika, mega za intaneti zinaisha, unabaki unaangalia kile kiduara kinazunguka na mnada umeisha. Kuna programu za kukuwekea dau hata kama umelala, mimi natumia hiyo. Na muangalie saa, sisi hatubadilishe lakini Ubelgiji wanabadilisha. Kipindi chao cha joto saa zetu ni sawasawa nao, cha baridi sisi tuko mbele saa moja. Mara moja nilikesha nikaamka mapema saa nzima, nikakaa na chai yangu kama mlinzi.

mzee_wa_tembre

Mwana Katuba, usilipe bado, lakini pia usikimbie kimya kimya, juu ukishinda na usilipe ni weye njo batakuandikia mubaya. Utume kwa siti picha zote mbili, ya leo na ya mwezi wa pili, na namba ya noti, na ile historia ya mara sita. Usimutukane muuzaji, usimuandikie hata neno, akijua atafuta picha.

mwana_katuba

Nimetuma. Banasema nibaachie siku tatu bachunguze, malipo imesimamishwa. Asanteni sana bakubwa. Roho inaniuma tu juu ya noti, ilikuwa nzuri.

mzee_wa_tembre

Mi niko na ya franka 50 nyumbani, Tshombe yule yule, doa hakuna. Siku ya posho kuya Kamalondo uione na macho, uishike, tutasikilizana. Ila ukikuya, usiniambie mwisho yako ni ngapi 😂