Ukoo wa Bibi (barazani): sinema ya Jumamosi

JUMANNE

Da Rehema (adimini) 19:04
Assalaam aleikum wanandugu. Sinema ya mwezi huu ni zamu yangu kuchagua na nimeshachagua, kwa hiyo msianze. HOLLYWOODLAND, ya mwaka 2006. Jumamosi saa 2 usiku, barazani kwa Bibi. Nimesema saa 2, si saa 3 na nusu. Kila nyumba elfu 3 ya bisi, soda na Luku. Tumeni kwa namba yangu ile ile.

Zai 19:06
W/salaam. Ya mapigano?

Da Rehema 19:09
Ya upelelezi. Los Angeles, 1959. George Reeves, yule aliyekuwa Superman wa kwenye televisheni, anakutwa chumbani kwake usiku wa kuamkia tarehe 16 Juni, kapigwa risasi ya kichwa, na chini wageni wanakunywa. Polisi wakasema kajiua. Mama yake mzazi akakataa katakata, akaweka wakili na wapelelezi. Hapo ndipo sinema inapoanzia.

Da Rehema 19:10
Ben Affleck ndiye Reeves. Adrien Brody ndiye mpelelezi.

Zai 19:10
Ben Affleck si Batman huyo?

Da Rehema 19:12
Batman alikuja kuwa baadaye. Hapa anamwigiza mtu aliyemwigiza Superman. Na alipewa tuzo ya mwigizaji bora Venice kwa hii hii, kwa hiyo heshima.

Anko Juma 19:15
Ngoja kwanza. Superman kafa kwa RISASI? 😂

Anko Juma 19:15
Si zilikuwa zinamdunda kifuani?

Da Rehema 19:16
Anko tuko kwenye michango.

Anko Juma 19:19
Niliona kipande chake kwenye simu. Jambazi anammiminia risasi, jamaa kifua mbele, anatabasamu tu. Jambazi kaishiwa, akamrushia bastola yenyewe. Superman akainama 😂😂😂

Zai 19:20
😂😂😂 bastola tupu ndiyo ilimtisha

Anko Juma 19:20
Risasi si kitu, chuma kikija kizima unakwepa

Da Rehema 19:21
MICHANGO jamani.

JUMATANO

Da Rehema 08:30
Subuhi njema. Naona mmesoma karibu wote. Waliojibu ni wawili, na kazi yao ni kucheka. Aliyetuma hela ni Shangazi Mwajuma peke yake, Mungu ambariki.

Shangazi Mwajuma 12:47
Amin. Ila nauliza, projekta iko kwa nani?

Da Rehema 12:48
Si iko kwako Shangazi?

Shangazi Mwajuma 12:55
Kwangu ilitoka nzima, na begi lake na waya zake. Ilikwenda kwenye harusi ya Salma. Ikarudi haina begi. Ikaenda tena sijui wapi, taa ikaungua. Taa nililipa mimi. Sijasema neno mpaka leo.

Anko Juma 12:56
Unalisema kila harusi Dada

Shangazi Mwajuma 12:58
Nalisema kwa kuwa halijalipwa.

Da Rehema 13:01
Tuliweke hilo pembeni. Aliye na projekta aseme tu, hatumkamati.

Mama Nurdin 15:33
Ipo kwangu. Nurdin alitazamia mpira. Inawaka.

Shangazi Mwajuma 15:34
Begi?

Mama Nurdin 15:40
Begi sijaliona wifi.

Baba Mkubwa Seif 20:11
Nimesoma. Filamu hiyo nimekwisha kuitazama. Niseme kama mtu aliyefanya kazi ya polisi. Bastola ilikuwa Luger ya Kijerumani. Haikukutwa na alama za vidole. Mikono ya marehemu haikupimwa baruti. Ganda la risasi lilikutwa chini ya maiti, na risasi yenyewe ilikwenda kujichimbia darini. Halafu kuna matundu mengine mawili ya risasi sakafuni, zulia limewekwa juu yake. Mchumba wake, Leonore Lemmon, akasema ni yeye alikuwa akichezea bastola siku za nyuma. Wageni wamelewa, na polisi hawakuitwa papo hapo. Hayo si ya kutungwa, ndivyo ilivyokuwa. Ofisa mzuri asingefunga faili hilo haraka namna ile.

Da Rehema 20:12
Baba Mkubwa shikamoo. Usitumalizie filamu jamani 🙏🏽

Baba Mkubwa Seif 20:18
Marahaba. Hakuna cha kumaliza, filamu yenyewe haimalizi. Inakuonesha kifo mara tatu: mara mchumba ndiye kafyatua bahati mbaya, mara katumwa mtu, mara kajiua mwenyewe. Unachagua. Na huyo mpelelezi Louis Simo ni wa kubuni, hakuwapo. Mama mtu, Helen Bessolo, huyo ni wa kweli.

Zai 20:19
Kwa hiyo mwisho hatuambiwi nani kaua???

Da Rehema 20:20
Ndiyo uzuri wake Zai.

Zai 20:20
Da Rehema hela yangu sitoi

Anko Juma 20:22
Elfu 3 halafu muuaji nimtafute mwenyewe

Da Rehema 20:27
Haya sikilizeni, kuna mengine mbali na muuaji. Mtu alianza vizuri, alikuwamo kwenye Gone with the Wind 1939, sehemu ndogo mwanzoni kabisa, anamzengea Scarlett. Akaja akavalishwa joho la Superman 1952 mpaka 1958, vipindi 104, na baada ya hapo akitokea popote watu wanamwona Superman tu. Watoto wanamwabudu, watengenezaji hawamtaki. Hiyo ndiyo inayomla. Mimi naona sinema yenyewe iko hapo, kwa Affleck, kuliko kwa mpelelezi. Sehemu za mpelelezi na mkewe waliyeachana zinarefuka mno kwa ladha yangu. Ila kuna mtoto wake, kifo cha Superman kimemkaa rohoni, analichoma vazi lake la Superman. Hapo mtalia.

Da Rehema 20:28
Na jambo dogo tu: vipindi vya kwanza havikuwa vya rangi, basi lile vazi lilikuwa la kahawia na kijivu ili litoke vizuri kwenye kamera. Kwenye sinema mtaliona.

Anko Juma 20:29
Superman wa kahawia. Kama sare ya shule ya msingi

Zai 20:29
😂😂

Shangazi Mwajuma 21:02
Na yule mama mwenye hela mbona hamumsemi? Mwanangu kanisimulia.

Da Rehema 21:05
Toni Mannix, anaigizwa na Diane Lane. Mke wa Eddie Mannix, mkubwa wa studio ya filamu ya MGM, kazi yake kufunika aibu za mastaa. Bob Hoskins ndiye mume, na mume anajua kila kitu. Toni ndiye aliyemnunulia Reeves nyumba. Akaachwa kwa ajili ya Lemmon. Na wosia ulipofunguliwa, mali yote ameandikiwa Toni.

Anko Juma 21:06
Shuga mami kala jackpoti

Shangazi Mwajuma 21:08
Juma una adabu? Mwanamke kajenga, kaachwa. Mimi namtetea.

Anko Juma 21:09
Namtetea na mimi. Anitafute tu

Da Rehema 21:10
Tusitoke nje ya mada. Projekta iko kwa Mama Nurdin, nani anaifuata?

Baba Mkubwa Seif 21:14
Narudia, kosa kubwa ni la kwanza: kutohifadhi eneo. Usiku ule ule mikono ilitakiwa ipimwe. Walevi wale kila mmoja ahojiwe chumba chake. Kesho yake umechelewa.

Mama Nurdin 21:31
Shemeji. Pangani mlipima nini?

Mama Nurdin 21:31
Nauliza tu. Kwa kuwa umesema kesho yake umechelewa.

Baba Mkubwa Seif 21:40
*Ujumbe huu umefutwa*

Baba Mkubwa Seif 21:44
*Ujumbe huu umefutwa*

Zai 21:46
Pangani kulikuwa na nini?

Shangazi Mwajuma 21:46
Zai nenda kalale.

Da Rehema 21:50
Wapendwa, tuendelee na michango. Tumeshapata nyumba 4.

Mama Nurdin 21:58
Boti ile ilikuwa na watu wanne. Watatu wameshuka wamekauka. Hawakuhojiwa hata chumba kimoja, sembuse kila mtu chake. Leo nasomeshwa kazi ya Los Angeles.

Baba Mkubwa Seif 22:05
Mariamu, hapa ni mahali pa watoto.

Mama Nurdin 22:06
Nurdin naye alikuwa mtoto.

Anko Juma 22:09
Jamani Superman...

Shangazi Mwajuma 22:09
Juma NYAMAZA.

ALHAMISI

Da Rehema 07:15
Subuhi njema. Nimeongea na wahusika pembeni. Ratiba iko pale pale, Jumamosi saa 2 usiku. Zai ataifuata projekta.

Zai 07:16
Mimi nina mtihani Ijumaa

Bibi (simu ya Zai) 10:22
🎤 Ujumbe wa sauti (1:48)

Da Rehema 10:30
Shikamoo Bibi. Zai tuandikie, wengine bando hakuna.

Zai 10:51
Bibi anasema hivi, nimeandika kama alivyosema:

"Rehema. Jumamosi ni hitima ya mwanangu Idi. Mmesahau nyote. Mimi nilijua, nikanyamaza, nione katika nyinyi nani atakumbuka. Hakuna. Mmekumbuka bisi.

Huyo mama wa kwenye sinema yenu alimlipa mtu amtafutie. Mimi sikuwa na hela ya kumlipa mtu. Nilikuwa na watoto, na mmoja wao alikuwa amevaa magwanda. Nilimtuma mara moja. Sikumtuma tena.

Sinema tazameni, mimi sikatazi sinema, nimekwenda Majestic kabla hamjazaliwa. Lakini si Jumamosi. Na barazani kwangu hapawekwi kitambaa cha sinema mpaka Seif na Mariamu wamekuja, wamekaa mbele yangu, mlango umefungwa. Sitaki kuandikiwa kwenye simu. Nataka niwaone.

Na lile begi la projekta liko uvunguni kwangu, nimewekea vitambaa. Mwajuma aache kelele."

Shangazi Mwajuma 10:58
Naam mama.

Da Rehema 11:03
Shikamoo Bibi. Tumesikia. Tuwie radhi.

Anko Juma 11:20
Shikamoo mama. Naam.

Baba Mkubwa Seif 13:36
Shikamoo mama. Nitakuja.

Da Rehema 16:00
Mama Nurdin?

Da Rehema 18:42
Haya wanandugu, tujipange upya. Jumamosi ni hitima baada ya Alasiri, tutahitaji mchele, nyama na walimu wa kusoma, Shangazi naomba ulishike hilo. Sinema naihamishia Jumapili saa 1 usiku, kwangu sebuleni badala ya barazani. Padogo ila tutabanana. Inachukua saa mbili na dakika kidogo, wenye kazi Jumatatu mtawahi kulala.

Shangazi Mwajuma 18:50
Nashika. Lakini hela zilizokwisha kutumwa ziingie kwenye mchele.

Da Rehema 18:51
Zile ni za Luku na bisi Shangazi.

Shangazi Mwajuma 18:53
Unanunua bisi na wiki hii kuna kisomo?

Da Rehema 18:55
Sikusema hivyo. Nasema nyumba 4 zimetuma kwa jambo moja, siwezi kulihamisha bila kuwauliza.

Shangazi Mwajuma 18:55
Mimi ni moja ya hizo nne. Niulize.

Hamza Muscat 21:17
Assalaam aleikum ndugu zangu, nilikuwa kazini, huku siku haina mapumziko. Nimeona sinema Jumamosi. Nitatuma elfu 50, mnunue na spika, ile ya zamani inakoroma. Na mimi kwa maoni yangu yule mchumba ndiye kaua, matundu mawili sakafuni si mchezo

Anko Juma 21:18
Hamza soma juu

Hamza Muscat 21:19
Nimesoma mpaka Superman wa kahawia 😂

Anko Juma 21:19
Endelea kushuka

Hamza Muscat 21:34
Innalillahi. Kumbe ni Jumamosi hii.

Hamza Muscat 21:36
Hiyo 50 iende kwenye hitima ya Kaka Idi. Dada Mwajuma nitumie namba.

Shangazi Mwajuma 21:37
Umeona Rehema? Mtoto wa watu yuko Uarabuni ameelewa.

IJUMAA

Da Rehema 09:10
Subuhi njema. Mchele umepatikana kilo 15, nyama bado. Baba Mkubwa kafika kwa Bibi tangu alfajiri. Mama Nurdin simu yake inaita tu. Aliye jirani naye amgongee.

Zai 12:40
Nimetoka mtihani. Nimepita kwa Mama Nurdin. Kasema projekta tukachukue, ila Baba Mkubwa asiwe ndiye mchukuaji

Da Rehema 12:41
Kwa Bibi je, anakwenda?

Zai 12:44
Hajasema ndiyo. Alikuwa anasuka ukili. Kauliza hitima ni saa ngapi

Da Rehema 12:45
Ukamwambia?

Zai 12:45
Nikamwambia baada ya Alasiri. Akasema "haya"

Shangazi Mwajuma 12:50
Haya ya kwenda au haya ya nimesikia?

Zai 12:51
Haya tu

Da Rehema 13:05
Sawa. Jumapili kwangu ibaki hivyo hivyo kwa sasa. Nani anaifuata projekta? Anko Juma una pikipiki.

Anko Juma 15:29
👍🏾

Da Rehema 15:30
Hiyo dole ni ya projekta au ya nyama?