Hilux 2KD: mkanda wa taimingi pekee, au na tenshena na beringi?

ViaziMarikiti: Hamjambo wenzangu. Nimenunua Hilux ya 2009, injini 2KD, ya kubeba viazi kutoka Kinangop hadi soko la Marikiti, Nairobi. Mita inasoma 138,000. Aliyeniuzia anasema mkanda wa taimingi (ule wa ndani unaozifanya vali zifuate mwendo wa pistoni) ulibadilishwa juzijuzi, risiti hana. Fundi wa kwanza anataka kubadilisha mkanda tu. Wa pili anataka mkanda, tenshena (kikaza mkanda), beringi na sili (raba za kuzuia oili). Wa tatu anasema ningoje taa iwake. Nimsikize nani?

FundiKirinyaga: Ndugu, hiyo taa ya T-BELT kwenye dashibodi haioni mkanda. Inahesabu kilomita tu, na huwaka kwenye 150,000. Mtu akiizima bila kugusa mkanda, inaanza kuhesabu upya, na wewe mnunuzi hutajua. Mkanda wa dizeli hii ukikatika ukiwa mwendoni, pistoni zinagonga vali. Utafungua hedi nzima, yaani sehemu ya juu ya injini. Bila risiti, chukulia haujawahi kubadilishwa.

DerevaThikaRoad: Mimi nilibadilisha mkanda peke yake. Miezi minane baadaye beringi ikaanza kulia kila asubuhi injini ikiwa baridi. Nikalipa ufundi mara ya pili kwa kazi ileile, na gari likalala gereji siku mbili bila mzigo. Weka vyote.

MamaProbox: Na pampu ya maji je? Kwenye gari langu la zamani ilizungushwa na mkanda huohuo, ikabidi vibadilishwe pamoja.

FundiKirinyaga: Swali zuri, dada. Kwa 2KD pampu inazungushwa na mkanda wa nje. Kama haivuji wala haichezi, iache. Pesa hiyo ipeleke kwenye sili zilizo nyuma ya puli: zikivuja, oili inalainisha raba na mkanda mpya unaharibika kabla ya wakati. Tenshena ya injini hii ni ya haidroliki. Ukiona imetoa oili, usiirudishe.

DerevaThikaRoad: Na ununue mwenyewe, uone namba ya kipuri kwenye boksi. Ukimtuma mtu Kirinyaga Road, kwenye maduka ya vipuri, utaletewa cha bei ya chini.

ViaziMarikiti: Asanteni sana. Jumapili soko likitulia nalipeleka, vyote isipokuwa pampu. Je, vipuri vya zamani nidai?

FundiKirinyaga: Dai vyote, uvishike kwa mkono. Kisha mwambie aandike kilomita na tarehe kwenye kifuniko cha mkanda, ndipo aanzishe taa upya.