Vituo vya redio vya rock, mna nyimbo ngapi humo ndani? Au ni zile zile ishirini?

Wakuu, nimevumilia nimeshindwa. Mods naomba msiuunganishe uzi huu na ule wa "unasikiliza redio gani", maana mimi sikuja kutaja redio, nimekuja kulalamika.

Mimi ni fundi mbao. Redio ya karakana inawashwa asubuhi na kuzimwa jioni, nayo iko juu ya kabati upande wa pili. Mikono yangu muda mwingi imejaa gundi. Ukianza wimbo nisioutaka, nausikia mpaka mwisho. Nyie wenye vitufe kwenye usukani hamjui mateso.

Jumanne nilichukua kipande cha plaiwudi na penseli, nikawa naandika kila wimbo unaopigwa. Kituo sikitaji, wenyewe wakisoma watajijua. Ni kile kinachojinadi kila baada ya matangazo kwamba kina "rock ya kila aina". Saa mbili asubuhi, Hotel California ya Eagles. Saa nane mchana, Hotel California. Saa kumi na moja kasoro, nakusanya vifaa niondoke, haya tena, Hotel California. Eagles wametoa albamu saba za studio jamani. Saba! Mtu aliyezaliwa juzi akisikiliza kituo hiki ataapa kwamba walirekodi wimbo mmoja wakaenda kulala.

Na hata huo mmoja hawaumalizii. Wanaoujua wanajua mwishoni kuna nini: Don Felder na Joe Walsh wanapokezana gitaa, huyu anasema, yule anajibu, halafu wanashikana na kwenda sambamba, zaidi ya dakika mbili. Ndiyo nyama ya wimbo ile. Mimi pale nasimamisha randa kabisa. Basi Felder ndiyo kwanza anaanza kupanda, mtangazaji huyo hapo juu yake: "Naaam, msikilizaji, usibanduke..." na bei ya magodoro. Mara tatu kwa siku moja! Kama hamna muda wa kuumaliza, kwa nini mnaupiga mara tatu? Upigeni mara moja, mtuachie gitaa letu.

Kabla hamjanirukia: sisemi nyimbo za zamani zitupwe. Mimi mwenyewe ni wa zamani. Wala kurudia peke yake si dhambi. John Peel wa BBC Radio 1, mwaka 1978, alipiga Teenage Kicks ya The Undertones mara mbili mfululizo, papo hapo, kwa sababu aliupenda akashindwa kujizuia. Bendi yenyewe ilikuwa haijulikani. Huko ni kurudia kwa mtu aliyependa. Hawa wetu wanarudia kwa sababu kompyuta imesema zamu imefika.

Ndiyo, kompyuta. Kama ulikuwa unadhani mtangazaji anakaa na rundo la sahani anachagua, pole. Nyimbo zinapangwa na programu, zimegawanywa kwa makundi: hili lizunguke haraka, hili taratibu. Na kuingia kwenye makundi hayo, vituo vingi, hasa vya Marekani, vimekuwa vikikusanya watu ukumbini au kuwapigia simu, wanachezewa sekunde chache tu za kila wimbo, ile sehemu inayonata, halafu wanatoa alama. Fikiria kidogo. Ndani ya sekunde nane utaupa alama wimbo gani? Unaoujua tayari. Unaujua kwa nini? Kwa sababu wanaupiga kila siku. Kisha wanarudi na karatasi zao: "mnaona, wasikilizaji wenyewe ndio wanaoutaka." Wimbo unaoshinda hapo si ule unaopendwa sana, ni ule ambao hakuna aliyeuchukia vya kutosha kuhama kituo. Sisi tumegeuzwa watu wa kutohama tu.

Wakati redio yenyewe ndiyo iliyotufundisha nyimbo ndefu! Mwaka 1967 Tom Donahue, pale KMPX ya San Francisco, aliruhusu watangazaji wapige albamu, si singo tu, zile nyimbo zinazouzwa moja moja. Stairway to Heaven ya 1971 ina dakika nane, na Marekani Led Zeppelin hawakuitoa kama singo ya kuuzwa. Ni watangazaji wa FM walioibeba. Bohemian Rhapsody ya Queen, ya 1975, inakaribia dakika sita, watu wa biashara wakasema redio haitaipiga. Kenny Everett wa Capital Radio kule London akaipiga, akairudia na kuirudia mpaka watu wakawa wanaulizia madukani kabla haijatoka. Leo hao hao Everett wangeonywa kwa kutoka nje ya orodha.

Nilijaribu pia kuomba wimbo. Mtangazaji anasema "simu zenu zinamiminika, laini zote zimejaa". Nikafuta mikono, nikapiga. Ikaita. Ikaita mpaka ikakatika. Nikapiga tena, huku namsikia redioni akisema laini zimejaa. Nadhani jamaa alisharekodi kipindi mapema, saa ile yuko kwake anakunywa chai. Sawa, kila mtu ana ratiba yake, lakini usinidanganye ili nami nimiminike.

Kingine, plaiwudi ile hapa mbele yangu ina mwanamke mmoja tu kuanzia asubuhi hadi jioni, Ann Wilson wa Heart. Mmoja! Muziki ambao Sister Rosetta Tharpe alikuwa anaupasulia gitaa la umeme miaka ya 1940, na Big Mama Thornton akairekodi Hound Dog mwaka 1952 kabla Elvis hajaigusa. Bendi za sasa ndiyo kabisa, sijaandika hata moja. Kwao rock ilifungwa na Nirvana, bendi ya miaka ya tisini, wakaondoka na ufunguo.

NAONGEZA: Nimeona majibu. Watatu wananiambia nihamie kwenye programu za muziki za simu, nitengeneze orodha yangu. Wakuu, hamjanielewa. Mimi sitaki kuchagua! Nikichagua mwenyewe nitachagua ninachokijua, nitakuwa nimejifungia kwenye kituo kile kile, tofauti ni kwamba nitakuwa nimejifunga kwa mkono wangu. Nataka nichaguliwe nyimbo na mtu anayejua kuliko mimi. Zamani kulikuwa na kipindi kimoja cha usiku, jamaa akapiga bendi ya Living Colour, halafu bila tangazo katikati akaunganisha Bad Brains, akasema kwa ufupi tu: hawa walitangulia. Akanyamaza. Nilikaa na brashi ya vanishi mkononi mpaka ikaanza kukauka. Bad Brains sikuwa nimewahi kuwasikia, na kwa akili yangu nisingewatafuta maana hata jina sikulijua. Ile ndiyo kazi ya redio, na haikumgharimu hata senti.

Na jina la wimbo mtaje! Baada ya kupigwa, si kabla, maana kabla sijajua kama nitaupenda.

Aliyeandika kwamba "wasikilizaji wengi wanataka wanachokijua" nakubali kiasi. Wanaotega redio kwa dakika kumi kwenye gari, ndiyo. Lakini sisi tunaokaa nayo kutwa, mafundi, washonaji, walinzi wa usiku, ndio mnaotujaza takataka zenu za magodoro, na hatuhesabiwi.

Basi tufanye hivi. Wa kituo wamo humu, najua. Kila mtu ataje wimbo mmoja wa bendi kubwa ambao hajawahi kuusikia redioni. Sharti: bendi iwe ile ile wanayoipiga kila siku, wasije wakasema hawana sahani. Naanza mimi: Queen, '39. Uko kwenye albamu ile ile ya Bohemian Rhapsody, anaimba Brian May, na ni mfupi, dakika tatu na nusu, kwa hiyo na magodoro yatapata nafasi.