Makala yangu ijadiliwe wapi?

Mwandishi_Mpya: Wakuu, makala yangu ya utafiti imetoka jaridani. Msomaji mmoja anahoji jedwali la pili, lakini kaniandikia faraghani. Wengine wanaichambua kwenye kundi la WhatsApp ambalo mimi simo. Mjadala kama huu ukae wapi hasa?

Kipanga: Hoja ya takwimu? Barua kwa mhariri. Inachelewa, kweli, ila ikichapishwa inabaki kwenye kumbukumbu za jarida. Ya WhatsApp hupotea na simu.

BintiMaktaba: Kuna PubPeer pia, tovuti ya kujadili makala zilizochapishwa, tangu 2012. Mtu anahoji hata bila kutaja jina, nawe mwandishi unajibu hapohapo. PubMed Commons ya 2013, sehemu ya maoni kwenye PubMed, hifadhidata ya makala za tiba, ilidai majina halisi. Ikafungwa 2018, wachangiaji walikuwa wachache mno. Nadhani ni woga. Nani atamkosoa hadharani profesa ambaye kesho ndiye atakayepitia maombi yake ya kazi?

Mwandishi_Mpya: Na hilo kundi, niombe kuingizwa?

Kipanga: Usijisumbue, ndugu. Ukiingia wote watanyamaza. Mjibu huyo wa faraghani, kisha mwombe ruhusa uiweke hoja yake hadharani.